Kinyozi wa Roshani ya Juu

Katika roshani ya juu kabisa ya ukumbi wa opera wa Parma, ambako watu hukaa kwenye mabenchi na kula mkate kwa soseji, neno la mwisho lilikuwa la Ovidio Tanzi, kinyozi. Kwa miaka thelathini na miwili alibeba mfukoni kijiuma cha chuma ambacho kikigongwa hutoa sauti moja isiyodanganya. Mwimbaji akishafika kwenye kilele cha wimbo, Ovidio hukigonga gotini, akakitega sikioni. Akitikisa kichwa, roshani nzima hupiga miluzi. Wanaume wenye majina makubwa walishaondoka mjini wakilia.

Jumapili ile asubuhi alimnyoa Evaristo Melegari. Walizaliwa mtaa mmoja, wakaimba pamoja kanisani mpaka sauti ya Ovidio ikavunjika. Ya Evaristo ilimfikisha Vienna, Buenos Aires, New York. Sasa, akiwa na miaka sitini na mmoja, alikuwa amerudi kuwaaga watu wa kwao.

"Leo wimbo wangu tunaushusha nusu sauti chini ya ulivyoandikwa," alisema, koo lake wazi chini ya wembe. "Kilele chake sikifikii tena. Wewe ninyamazie tu, ndugu yangu."

"Wana masikio, Evaristo."

"Wanakutazama wewe."

Alasiri Evaristo aliuimba wimbo mpaka mwisho. Roshani nzima ikamgeukia Ovidio. Dirce, muuza nyama ya farasi, akamkanyaga mguu. "Haya, kinyozi! Umekufa?"

Alikigonga kijiuma; kililia sikioni mwake, juu kidogo ya pale rafiki yake alipoishia. Akatikisa kichwa.

Miluzi ikashuka kama mvua ya mawe. "Rudi Amerika, mzee!" "Divai ya maji kawauzie wengine!"

Evaristo hakuondoka. Alitazama juu, kisha akamnong'oneza kiongozi wa okestra. Wakaanza upya, safari hii bila kuushusha wimbo, kama ulivyoandikwa. Ovidio akashika reli kwa mikono miwili. Sauti ilipanda, ikakwaruza, ikapasuka. Mzee hakuiachia, akaishikilia hivyo hivyo ilivyopasuka mpaka pumzi ikamwisha.

Hakuna aliyepiga mluzi. Dirce akasimama, akilia na kutukana: "Shenzi wee! Ulitaka kutuficha hii?" Roshani yote ikasimama naye.

Ovidio hakupiga makofi. Alishuka ngazi, akangoja kwenye mlango wa nyuma. Evaristo alitoka, akampita bila salamu, kisha akasimama.

"Ungeninyamazia," alisema bila kugeuka, kwa mnong'ono, sauti pekee iliyombakia.

"Nisingeweza."

"Najua."

Akaendelea kutembea, polepole. Ovidio akamfuata hatua mbili nyuma, asijue kama ameruhusiwa.