Mkunga Aliyebatiza kwa Pombe

Gyrid alikuwa mkunga wa bonde zima, na ukitaka kumuudhi, mwambie kuna mkunga mwingine ng'ambo ya mto. Wanaume wenye ndevu zao aliwaita kwa majina ya utotoni mbele ya wake zao, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Alikuwa na mdomo, hilo halina ubishi. Lakini mikono yake ilikuwa na baraka, na padre mzee Torleiv, enzi za uhai wake, alimfundisha jambo ambalo kila mkunga wa Kikristo lazima alijue: mtoto akizaliwa huku anakata roho, usimngoje padre. Mmwagie maji, taja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, umemaliza. Akifa bila ubatizo, mbinguni haingii, na kaburi lake litakuwa nje ya ukuta wa kanisa, pamoja na wezi na waliojinyonga.

"Na maji yakikosekana, Baba?" Gyrid alimuuliza.

"Kwani pombe si maji yaliyopitia kwenye shayiri?" mzee akamjibu, na siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa ameipitia shayiri vya kutosha.

Gyrid aliliweka neno hilo moyoni. Wakati wa baridi, ndoo za maji huganda mpaka chini, lakini nyumba ya mzazi haikosi mtungi wa pombe ya kusherehekea mtoto, umewekwa karibu na moto.

Majira ya baridi yaliyopita, binti yake Aslaug alijifungua mtoto wa kiume baada ya miaka mingi ya kuonewa huruma na mashemeji. Mtoto alitoka wa bluu, kimya. Aslaug alikuwa amezimia. Gyrid aliikimbilia ndoo, akakuta barafu tupu. Akachovya mkono kwenye mtungi, akambatiza mjukuu wake Sigvat kwa pombe. Mtoto akavuta pumzi kidogo, kisha basi.

Walimzika ndani ya ukuta, chini ya ukingo wa paa la kanisa, pale wanapolazwa watoto wachanga ili maji ya mvua yanayotiririka kutoka paani yawadondokee kama baraka. Kila Jumapili baada ya misa Aslaug alikwenda kusimama pale. Ndiyo faraja pekee iliyomfanya arudi kula na kuongea na watu.

Sasa, Jumapili moja baada ya barafu kuyeyuka, Padre Eindride, kijana wa palepale bondeni aliyerithi kanisa la mzee Torleiv, akatangaza amri iliyotoka kwa Baba Mtakatifu na kupitia kwa askofu mkuu. Mtoto aliyebatizwa kwa pombe hakubatizwa. Walio hai wabatizwe kwa maji. Waliokufa waondolewe kwenye ardhi takatifu.

"Kumbe mimi ninavyojibatiza kila Jumamosi ni kazi bure!" mzee mmoja akaropoka huko nyuma, na kanisa zima likacheka.

Aslaug naye alicheka. Gyrid alimtazama binti yake akicheka; hakuwahi kumwambia habari ya mtungi.

Misa ilipokwisha alimfuata padre kwenye chumba cha mavazi. Hakwenda kuungama. Alikwenda kutafuta pa kutokea.

"Baba, hiyo amri yenu. Na kama mkunga hakuwa na maji?"

"Theluji hufika mpaka madirishani, Bibi Gyrid. Theluji si maji?"

"Mtoto anakata roho, wewe unataka nimwambie angoje niyeyushe theluji?"

Padre akaacha kukunja joho lake. "Tunamzungumzia mtoto gani?"

Mdomo ulikuwa umeshamponza. "Mjukuu wangu," akasema.

"Maskini." Alisema kwa huruma ya kweli, lakini hapohapo akaongeza, "Basi hawezi kubaki pale. Atatolewa leo."

"Baba!"

"Si amri yangu. Kuna wengine?"

"Waliokufa, ni yeye tu. Aliye hai yuko mmoja."

"Nani? Nitamwita leo leo."

Gyrid alimkodolea macho. Ilikuwa pua ya mama yake ileile, na masikio yaleyale aliyoyafuta kwa kitambaa siku yalipozaliwa. Mpaka dakika ile hakuwa amefikiria mtoto yule sasa ni nani.

"Ni wewe," akasema.

"Acha utani, Bibi."

"Kamuulize mama yako. Pombe iliyobaki baba yako aliimaliza yeye, akaanguka mlangoni."

Padre alikaa juu ya sanduku la mavazi. "Watu niliowafungisha ndoa," akasema. "Misa zote zile. Mimi si padre. Mimi si hata Mkristo!"

Gyrid alimwonea huruma, na chini ya huruma hiyo, kwa aibu yake, alihisi furaha. Sasa ataelewa, alijiambia. Ungekufa siku ile, mwanangu, ungekuwa wewe wa kutolewa leo chini ya paa lile.

"Nibatize," Eindride akasema. "Kanisa la jirani liko nyuma ya milima, naweza kufia njiani. Mengine ya upadre atajua askofu."

Akapiga magoti. Gyrid akachota maji, akammwagia kichwani na kutaja majina matatu matakatifu. Kijana alilia kwa furaha mpaka kamasi zikamtoka. Kisha akajifuta uso, akasimama, akachukua koleo lililoegemezwa mlangoni.

"Twende tukamtoe mtoto."

Gyrid alidhani hakusikia vizuri. "Eindride! Nimekubatiza sasa hivi!"

"Mimi nimepata maji, Bibi. Yeye hakupata."

Gyrid akatoka nyuma yake.

Aslaug alikuwa palepale chini ya paa. Gyrid hakutaka asikie kwa mwingine, akamwambia mwenyewe, yote, bila kujitetea.

"Pombe?" Aslaug akauliza. "Mama, wewe?"

Watu walikuwa wamejaa getini, na hakuna aliyecheka tena. Padre alichimba taratibu mpaka kisanduku cha mtoto kikaonekana. Gyrid akamsukuma kando, akakipakata kisanduku kwenye aproni yake, akakitoa nje ya ukuta, kwenye magugu.

Aslaug na padre wakamfuata, na padre akaanza kuchimba shimo dogo.

"Siku yangu ikifika," Gyrid akawaambia watu wote, kwa sauti ile ya kuwahimiza wajawazito wasukume, "nizikeni hapa."

Watu wakashika vinywa. Padre akaliacha koleo likamdondoka. "Bibi, hujui unachosema! Nje? Wewe Mkristo, uliyebatizwa kwa maji? Utaipoteza roho yako!"

"Nimesema hapa. Mtoto mchanga hawezi kulala nje peke yake."

Aslaug akaliokota koleo la padre, akaanza kulipanua shimo, litoshe na mtu mzima.