Alitosha Mama mu Foto, Akabakiza Mukono

Admin, bonjour. Jina yangu ficha, na ya yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, ficha pia, juu mutaa yetu yote ya Katuba inasomaka hii page. Niko mwanamuke wa miaka 34, niko na bwana na batoto babili. Kazi yangu ni kupaka peinture, ile rangi, mu atelier ya kutengeneza kinga, ni kusema baiskeli, yenye papa yetu alituachia. Kila kinga yenye inatoka pale, miye njo naandika jina yake na pinceau ya rangi. Leo niko na kasirani ya kupasua kifua, basi munivumilie nikianzia mbali kidogo.

Papa alikuwaka soudeur, fundi wa kuunga chuma, mu kampuni. Kazi yake ilipokufwa, mama njo alitulisha. Alikuwa anaenda ku pori, njia ya Kinsevere, anarudi na makala ya kupikia juu ya kinga mupaka Katuba. Kinga ya kununua ilikuwa inavunjika ovyo, basi papa akamutengenezea yake na tuyau, bomba ya chuma. Safari ya kwanza tu, ku muteremuko, cadre, ule mwili wa kinga, ikapasuka na mifuko ya makala juu. Mama akaanguka, mukono ya kuume ikavunjika. Bantu banataka kumupeleka ku lopitalo, yee eko analomba kwanza bamuletee ile cadre aone fasi yenye ilipasukia. Alipofika nyumba akamuonyesha papa na kidole: "Hapa njo uzito inakalia. Weka tuyau ya pili hapa chini." Papa akaweka. Ile tuyau ya pili iko mu kinga yetu yote mupaka leo, hata mu VTT, ile kinga ya michezo yenye bijana ya mujini banapandaka siku ya dimanche. Bauza-makala njo baliipa ile kinga jina. Balikuwa banasema, "Miye nataka Mama Ngoie," na ile ni jina ya mama yetu. Mukono yake haikunyookaka tena.

Papa alipokufwa, yaya, mukubwa wetu, akakamata atelier. Sikatae, biashara anaijua. Sasa anafungua boutique mu ville, katikati ya muji, anataka mabureau ya kampuni ya migodi inunue VTT kwake. Akaniambia: "Nani wa bureau atapanda kinga yenye inaitwa Mama Ngoie? Bantu banapenda bintu ya Bulaya." Akatafuta jina moja ya Bulaya yenye hata yee mwenyewe haiweze kuitamka muzuri. Kisha akaandika histoire, hadisi ya atelier ku ukuta ya boutique: eti papa na ingénieur mumoja muzungu njo baliwaza ile tuyau ya pili. Ule muzungu miye sijamuonaka. Hata ku matanga ya papa hakukuya.

Kuko foto moja tu ya zamani. Papa upande, kinga katikati, mama upande ingine, na ile mukono yake ya kupindama inashika guidon, ule usukani ya kinga. Yaya aliifanya kubwa, akaitundika ku ukuta, lakini alimutosha mama. Alimukata kabisa. Mukono tu njo alishindwa kukata, juu iko juu ya guidon, na kinga njo anauzisha.

Juzi nikamupeleka mama aone boutique. Alivaa kitenge yake ya misa. Tukakuta client wa bureau eko pale, anaangalia foto. Akauliza yaya: "Na huu mukono ni ya nani?" Yaya hata hakugeuka. Akasema: "Ni mupita-njia moja tu." Mama eko pale pale. Client akaangalia foto, akaangalia mukono ya mama. Mama akanivuta nguo tuende. Mu taxi alisema neno moja tu: "Kichwa na miguu balikata. Mukono balisahau." Kisha akaniuliza kama tuko na chumvi nyumba.

Nikarudi kwa yaya siku ile ile, na sikuongea polepole. Nikamuuliza: "Weye ulikula nini mupaka ukakomaa? Haikukuwa makala ya ule mupita-njia?" Akanijibu bila haya: "Biashara haiko kanisa. Siku ya samedi tunafungua. Upake jina ya mupya ku kinga yote, ao utafute kazi fasi ingine. Na usisahau mama analala mu nyumba na parcelle ya nani." Mutoto wa kuzaliwa anaongea bile juu ya mama yake, na bafundi bote banasikia.

Njo nikaenda kwa mama nikamwambia nakataa. Alikuwa anachagua sombe, majani ya mihogo. Akasema: "Paka tu, mama. Meno ya imbwa haiumane. Usimuhaibishe mutoto yangu mbele ya bantu." Nikamuuliza: "Na miye, niko mutoto ya nani?" Akaendelea na sombe yake, na ile mukono.

Foto ya muzima, ile yenyewe ya zamani, iko kwangu. Bwana yangu aliifanyisha kubwa sawa ile ya yaya, anasema twende samedi tuitundike mbele ya bageni bote. Nikifanya bile, yaya anaweza kumufukuza mama, na mama anaweza kukataa kuniangalia mupaka siku ya kufwa. Nikinyamaza, nitapashwa kukamata pinceau na kumufuta mama yangu na mukono yangu mwenyewe, kinga moja, ingine, ingine. Kinga iko mbele yangu sasa hii, peinture imekauka, na bado haina jina.

Bamama, bapapa, bandugu, musinionee huruma, munipe shauri ya kweli: nipake, ao nitundike?

Na admin, yangu na ya yaya ufiche. Ya Mama Ngoie uiache.