Kifaa cha Mzee Kimeacha Kusalimia

Leo baba amenigombeza kwa sababu nimetengeneza kifaa chake kikapona. 😅

Mzee ni mwanajeshi mstaafu, anaishi peke yake mtaa wa Mbuya. Nilimwekea kifaa cha kupima maji ya tangi. Kikiwaka, kinasema kwa sauti yangu: "Jambo, afande!"

Shida ni kwamba kilikuwa kinajizima na kujiwasha mchana kutwa.

Asubuhi nikagundua kosa ni langu. Programu niliyoandika ilihifadhi kila kipimo bila kufuta hata kimoja, na chipu ile ina kumbukumbu ndogo mno. Ikijaa, inaanza upya.

Nikarekebisha: kipimo kipya kinafuta cha zamani. Kikatulia. Nikarudi kazini kifua mbele!

Mchana mzee akapiga simu.
"Kifaa chako kimekufa."
"Hakionyeshi maji?"
"Maji kinaonyesha. Lakini hakinisalimii tena. Mimi huwa nakijibu."

Bambi, maskini mzee wangu!

Jioni nimerudi kwake, nimekipanga kisalimie kila saa.

Nilipofunga laptop niondoke, akasema kalo, ule ugali wa ulezi, iko tayari na kitanda changu kimetandikwa.

Nani mwingine mzazi wake anaongea na mashine? Niambieni, mimi niko hapa hadi kesho.