Simu Nne, Mwanafunzi Mmoja

Wakati wa korona, mihadhara ilipohamia mtandaoni, nilikwenda mtaa wa Mabatini kutoa kopi. Kwenye benchi la duka nikamkuta binti wa chuo, simu nne mapajani, zote kwenye somo moja. Mhadhiri akiita jina, binti anagusa simu ya mwenye jina: "Nipo, sir!"

Tatu zilikuwa za wenzake, akaniambia bila haya. Mmoja yuko kwenye harusi Kisesa, mwingine anauza dagaa, wa tatu amelala tu. Asiyeitika jina lake hafanyi mtihani.

Mara mhadhiri akamtaka yule wa harusini aeleze somo. Binti akabana pua: "Sir, mtandao unakatakata."

"Pole sana," mhadhiri akajibu. "Ila nawapongeza, mmeipokea teknolojia vizuri!"

Nilitamani kumnyang'anya simu zote nne.

"Leo amefundisha nini?" nikamuuliza.

"Sasa dada, na simu nne hizi, nasikilizaje?"

"Na mtihani?"

"Aa, wenzangu watanielekeza."

Wenzake, bila shaka, wanasubiri yeye awaelekeze. Na chuoni mtu anaandika ripoti kwamba mahudhurio hayajawahi kuwa mazuri hivi.