Nasike na Mguu wa Jeconia

Miaka kumi na mmoja Nasike alikuwa amesimama katika duka la vitambaa la Mama Habiba, katikati ya mji wa Eldoret, na kila mwaka ulikuwa umemwachia alama miguuni. Mishipa ilikuwa imejitokeza nyuma ya magoti, minene na ya buluu, na ikifika saa kumi jioni vifundo vilikuwa vimeumuka kama unga wa mandazi. Muuzaji haketi mteja akiwa dukani, na katika duka lile wateja hawakuisha.

Hatimaye alikwenda kliniki. Muuguzi aitwaye Sarah alimpima kwa tepi asubuhi, kabla miguu haijavimba, akampa soksi za kubana za rangi ya kahawia, zinazofika chini ya goti. Alimweleza kwamba zinaisaidia damu kurudi juu, kwamba azivae kitandani kabla hajakanyaga sakafu, azivue akienda kulala, na asizikunje kamwe juu. Nasike alishika yote isipokuwa hilo la mwisho. Mtu aliyezeeka akikunja vitambaa hawezi kuona kilichozidi akakiacha hivi hivi. Asubuhi ya kwanza alizikunja mara mbili, vizuri kabisa, kama pindo la pazia.

Wiki ile miguu ilipata nafuu. Kilichomponza ni pindo.

Kila jioni wafanyakazi walipekuliwa mlangoni, na mpekuzi alikuwa Jeconia, msimamizi wa duka, mtu wa maneno mengi na suruali pana. Sketi ya Nasike ilinasa kwenye pindo, Jeconia akauona uvimbe. Hakumwita kando.

"Inua hiyo sketi," alisema mbele ya wateja. "Watu wanafunganga lesi kwa miguu. Mimi nawajua."

Nasike aliivuta sketi hadi magotini. Alivua soksi zote mbili, akisimama kwa mguu mmoja mmoja mbele ya wanawake waliokuja kununua kitambaa cha harusi, na mishipa yake ikatazamwa na kila mwenye macho. Hakukuwa na lesi wala kitambaa kingine. Jeconia hakuomba msamaha. Alimwambia kesho asizione soksi hizo, la sivyo atafute kazi kwingine. Mwanamke mmoja akacheka. Nasike hakushughulika naye. Alimtazama Jeconia na kuapa moyoni kwamba na yeye atakunja suruali yake mbele za watu.

Alikuwa na watoto wawili wa shule kule mtaa wa Langas, na kazi nyingine hakuwa nayo, basi alisimama bila soksi. Siku ya tisa ngozi ya juu ya kifundo ilipasuka, ikaanza kutoa maji. Wenzake walimsifu kwa uvumilivu. Uvumilivu gani? Nasike alimchukia Jeconia asubuhi, akamchukia mchana, na jioni, miguu ikiwaka moto, akamchukia kupita kiasi.

Na ilikuwa katika kuchukia huko ndipo alipojiuliza: Jeconia alijuaje kwamba lesi hufungwa mguuni? Miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kukamatwa hivyo.

Akaanza kumchunguza. Mtu aliyeteswa na miguu yake huijua miguu ya wengine. Asubuhi Jeconia alipanda ngazi za stoo mbiombio. Jioni za Jumatano na Jumamosi alishuka akiwa amekakamaa upande wa kushoto, goti halikunjiki, na kalamu ikimwanguka aliisukuma kwa kiatu badala ya kuinama. Nasike aliufahamu sana mwendo wa mguu uliobanwa. Na mpekuzi hakuwa na wa kumpekua.

Angeweza kumnong'oneza Mama Habiba. Hakutaka kunong'ona. Alisubiri Jumatano moja, mwenye duka yupo na wateja wamejaa, akasimama mlangoni wakati wa kufunga.

"Mama, leo naomba tupekuliwe wote," alisema. "Nianze mimi. Halafu Bwana Jeconia."

Jeconia alicheka, akasema hayo ni madharau. Mama Habiba hakucheka. Aliangalia kidonda cha Nasike, akauliza kimetokea wapi, akaambiwa. Kisha akamwamuru msimamizi wake akunje suruali. Jeconia alimgeukia Nasike kwa macho ya kuomba, na Nasike akayafurahia macho yale bila aibu yoyote. Lesi nyeupe ya harusi, mita tatu, ilikuwa imezungushwa kwenye mguu wa kushoto.

Jeconia alifutwa kazi, na wote wakaona yamekwisha. Nasike hakuona hivyo. Alipewa kazi ya kupekua, pamoja na kiti cha mlangoni. Sarah alikitibu kidonda, na kilipofunga soksi zikarudi, safari hii bila pindo.

Mwezi uliofuata, Jumamosi, Jeconia alikuja kuchukua koti lake na kikombe. Alipotaka kutoka, Nasike alinyoosha mguu wenye soksi ya kahawia akaziba njia, akiwa ameketi.

"Kunja suruali."

"Nasike, si unaona sina kitu?"

"Naona. Kunja zote mbili. Na soksi uvue."

Wateja waliacha kuchagua vitambaa. Jeconia alivua, akiyumba kwa mguu mmoja, koti likiwa chini ya kwapa. Miguu ilikuwa myembamba, laini, haina mshipa hata mmoja uliojitokeza. Nasike aliitazama taratibu, wa kushoto, kisha wa kulia, mpaka kila aliyekuwa dukani akawa ameitazama pia.

Kisha akamwambia ageuke, aonyeshe na nyuma ya magoti.