Hesabu ya Rangi ya Hina

Hesabu ilianza Jumanne saa tatu asubuhi. Dada yangu, anayesoma kemia chuo kikuu hapa Garissa, aliiwasha kompyuta yake ikokotoe jinsi molekuli ya rangi ya hina inavyonyonya mwanga. Ingemaliza Jumamosi. Jumatatu mhadhiri wake alitaka majibu, la sivyo dada angerudia mwaka.

Ijumaa alasiri wageni walikuja kwetu kupakwa hina ya harusi. Joto lilikuwa kali. Eedo, dada wa baba, akashika waya wa kompyuta ili achomeke feni.

"Hii inapika nini tangu Jumanne? Hina inatoka nyekundu, wallahi hata mbuzi anajua!"

Wageni wakacheka. Mimi nilijua betri haishiki chaji, na kompyuta ikizima hesabu yote inapotea. Lakini eedo hakosolewi mbele ya wageni, na mimi huona haya hata kusalimia. Nikanyoosha vidole nipakwe, eedo akauchomoa waya.

Dada aliporudi alikuta kioo cha kompyuta ni cheusi.

"Abaayo," akaniita, yaani dada kwa Kisomali, "ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Aliianzisha hesabu upya, toka mwanzo.

Asubuhi iliyofuata nilikaa kando ya soketi, vidole vyekundu, nikilinda hesabu ambayo hadi Jumatatu haingekuwa imeisha.