Gongo la Babake Mzee Emrys

Jamani, nimejiaibisha hapa ughaibuni, mjini Coon Rapids, hadi natamani kuhamia mji mwingine, Woodbury.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mmoja wao ni Mzee Emrys, mzaliwa wa Wales, ambaye hadithi zake zote ni za marehemu babake. Huyo alikuwa karani wa benki aliyechezea kaunti yake kriketi kati ya vile vita viwili vya dunia, misimu tisa bila kulipwa, akiomba ruhusa kazini kila mechi.

"Nyinyi Wakenya mnaijua kriketi," Mzee aliniambia, macho yakimeta. Ningemvunja moyo vipi?

"Sana! Nilichezea shule." Shuleni nilicheza rounders tu, ule mchezo wa kupiga mpira, kutupa fimbo na kuzunguka vituo vinne.

Jumamosi, kwenye sherehe yake ya kuzaliwa, Mzee akanikabidhi gongo la kriketi la babake mbele ya familia nzima. Mwenzangu Akinyi akaninong'oneza, "Njeri, hii kitu umecheza wapi?" Nikamwambia anyamaze.

Binti wa Mzee akarusha mpira. Nikaupiga, pwaa! Wakashangilia! Basi damu ya darasa la sita ikanipanda. Nikatupa gongo, nikazunguka pipa la taka, mti, meza ya keki na kiti cha magurudumu cha Mzee, nikarudi nilikoanzia mikono juu, nikipiga vigelegele.

Gongo lilikuwa limelala ndani ya keki.

"Njeri," Mzee akasema polepole, "babangu alikimbia misimu tisa na hilo gongo mkononi. Hiyo shule yako iko wapi?"